Nilivyojifunza Kukaa kwa Wakanada

Watu wa mtaani kwetu wakiniuliza Uarabuni niliona nini, huwa wanangoja niwasimulie maghorofa, barabara pana na maduka ya dhahabu. Mimi huwaambia kitu kizuri nilichokiona kule ni duka la kahawa na donati la Wakanada. Wanacheka. Kaka yangu alicheka, mpwa wangu anayesoma Nairobi alicheka, na mama mmoja wa Kizungu mwenye nyumba kijiji cha Shela naye alicheka. Kila mmoja ana sababu yake. Mimi jibu langu sijaligeuza na sitaligeuza.

Nilikwenda kule baada ya kuachwa na mume wangu. Nilikuwa nimerudi Langoni, mtaa wetu wa Lamu, au Amu kama tunavyoiita wenyewe, kwenye nyumba ya mawe ambayo mama aliirithi kwa mamake, sina mtoto, sina kazi, na kaka yangu ana wake wa kulisha. Nikaenda kuwa kadama, mtumishi wa nyumbani. Najua watu hupenda kusikia visa vya makadama waliopigwa na kunyimwa chakula, na visa hivyo vipo, wenzangu viliwafika. Mimi sikupigwa. Nilikula, nililipwa, nililala kwenye chumba chenye kipoza hewa. Sitamzulia mtu uongo ili hadithi yangu inoge.

Ila mle nyumbani hamkuwa na kiti changu. Viti vilikuwa vingi, vya kulia chakula, vya wageni, vya juu ya dari, na vyote nilivifuta vumbi kila siku. Jikoni hapakuwa na hata kimoja. Nilikula nimesimama kando ya karai la kuoshea vyombo, au nikageuza ndoo nikaikalia. Hakuna aliyenikataza kukaa. Ni kwamba hakuna aliyewahi kufikiri kuwa nami nakaa.

Siku moja mwenye nyumba, ambaye sote wafanyakazi tulimwita mama, alikuwa na wageni, akanituma na dereva nikalete boksi la donati. Ndiyo mara ya kwanza nilipoingia kwenye lile duka. Lilikuwa na baridi ndani, na harufu ya kahawa na sukari iliyoungua kidogo. Nyuma ya kioo donati zimepangwa safu safu, nyingine zimepakwa chokoleti, nyingine zimenyunyiziwa sukari za rangi, na pembeni kuna tudonge tudogo twa mviringo ambato nilipotuona nilijiambia hizi ni kaimati, zimekosa shira tu. Nje, vijana waliovaa kanzu nyeupe walikuwa ndani ya magari yao, wanapiga honi waletewe vikombe dirishani. Ndani palikuwa na Wahindi wenye kofia za kazi ya ujenzi, Wafilipino wa hospitali, wanafunzi wenye kompyuta. Na palikuwa na wanawake waliokaa peke yao. Hilo ndilo nililorudi nalo nyumbani pamoja na boksi. Mwanamke amekaa, kikombe mbele yake, hana mume ubavuni, hana mtoto mapajani, hana mchele wa kuchagua wala nguo ya kushona. Amekaa tu, na hakuna anayemuuliza.

Ijumaa baada ya sala nilikuwa na ruhusa ya kutoka mpaka magharibi. Wiki ile nilikwenda kwa miguu. Sikujua kuagiza. Nilimwonyesha kidole yule msichana wa Kifilipino, nataka kama ya yule bibi pale. Akaniambia hiyo ni ya maziwa mara mbili na sukari mara mbili. Akaniuliza jina, akaliandika kwenye kikombe, akalikosea. Nikachukua kikombe chenye jina la mtu nisiyemjua, nikakaa kwenye meza ya ukutani.

Nilikunywa haraka mpaka nikaungua ulimi. Nilikuwa nangoja mtu aje aniinue. Kila mlango ukifunguliwa nilijikusanya. Kikombe kilipokwisha nikasimama, na yule msichana, aliyekuwa anafuta meza ya jirani, akaniambia kwa Kiarabu chake cha kuokota, "Kaa, kaa. Unakwenda wapi?"

Nikakaa tena. Sikuwa na kahawa, sikuwa na kitu, nikakaa.

Sasa niseme ukweli, maana watu wa Amu watanisuta: kahawa yenyewe haikuwa kitu. Kahawa yetu ya dele, lile birika la shaba, tungu bila sukari, yenye tangawizi, inaishinda ile mbali sana. Na hamri la mama, la iliki na tui la nazi, likiwa moto, donati haiwezi kukaa nalo sahani moja. Wale wanaofikiri nilipumbazwa na sukari ya rangi hawajui ninachosema.

Ijumaa nyingine meza zilikuwa zimejaa, akaja mwanamke wa Kisudani aliyevaa nguo za unesi, akaniomba nafasi. Tulizungumza Kiarabu, changu cha kule jikoni na chake kizuri. Aliniambia ameishi Kanada miaka mingi kabla ya kuja pale kwa kazi, na kila akipata mapumziko hukimbilia lile duka.

"Kwao ni duka la matajiri?" nikamuuliza.

Akacheka. "La matajiri! Kule alfajiri utakuta madereva wa malori, wazee waliostaafu, na sisi manesi tunaotoka zamu. Nje theluji mpaka magotini. Ndani watu wamekaa na makoti yao, wanabishania mpira wao wa barafu."

"Na wazee wanakaa mpaka saa ngapi?"

"Mpaka wake zao wawapigie simu."

Nikacheka mpaka nikafuta machozi. "Hiyo ni baraza," nikamwambia. Nikamweleza mtaa wetu, benchi za mawe milangoni, wazee wanaokaa baada ya alasiri, muuza kahawa anavyopita na dele lake akigonganisha vikombe, siasa zinazoanza hapa na kuishia Makka. Alisikiliza kwa raha. Kisha akaniuliza, "Na wewe, kwenye hiyo baraza unakaa wapi?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Nikakuta sina mahali pa kutaja.

"Ndani," nikamwambia. "Sisi tunakaa ndani."

 Alikata donati yake, akanisogezea nusu.

Maneno yale sikuyapenda. Nilirudi nyumbani nimemkasirikia yule nesi, nikisema moyoni anajua nini yeye kuhusu kwetu, ndani kwetu kuna vicheko, kuna wanawake wenzangu, kuna taarabu za harusi. Yote kweli. Lakini Ijumaa iliyofuata nilikwenda tena, na nyingine, na nyingine. Nikaelewa kuwa hata wale waliokuja pale hawakuwa wanafuata donati wote. Yule nesi alifuata harufu ya Kanada, nti yake ya pili aliyoizoea. Vijana wa magari walifuata kuonekana. Mimi nilifuata kiti.

Kisha ikaja ile Ijumaa. Nimekaa mahali pangu, mlango ukafunguliwa, akaingia mwenye nyumba wangu na dada zake wawili. Aliniona kabla sijainamisha uso. Meza zilikuwa zimejaa tena, isipokuwa viti vitatu vya meza yangu.

Alinijia, akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, kama anavyoniambia nyumbani nitoe vyombo, "Inuka, nenda kamngoje dereva garini."

 Miguu yenyewe ilikwisha kuanza kuinuka, maana ilikuwa imezoea. Nikaizuia.

"Mama," nikamwambia, "leo Ijumaa. Na kahawa yangu nimenunua."

Dada zake wakatazamana. Yeye akanitazama kama mtu aliyesikia kabati linasema.

"Viti vitatu hivi havina mtu," nikaongeza. "Karibuni."

Hawakukaa. Walichukua vikombe vyao wakaenda. Sikuinuka mpaka nilipomaliza kahawa yangu, na sikuihisi ladha. Nyumbani hakunigombeza. Lakini mkataba wangu ulipokwisha hakuniambia niongeze. Aliyenipeleka uwanja wa ndege ni dereva. Njiani akaniambia, "Ungeinuka tu siku ile, ungekuwa bado una kazi." Nikamwambia najua.

Nilirudi Amu na vijisenti vyangu na fikira moja. Chini ya nyumba yetu kuna chumba ambamo babu alikuwa akiweka kamba na magunia, kinachotazama ndia, njia nyembamba ya mtaa. Nilikisafisha, nikapaka chokaa, nikaweka jiko, nikanunua viti vya plastiki. Vingine niliviweka ndani na vingine nje, kwenye daka letu, ukumbi mdogo wa pale mlangoni.

Kwanza nilipika donati. Zilinisumbua. Sukari ya juu, kule kwenye baridi hukauka ikang'aa, hapa joto liliiyeyusha ikatiririka kwenye sinia. Mama alishuka ngazi, akaiokota moja, akaitazama kupitia kwenye tundu.

"Hili hamri mbona limetobolewa mato kama kipofu?" akauliza.

"Ndivyo lilivyo, mama."

"Na kilichotolewa hapa kati amekula nani?"

Nikamwonyesha vile vidonge vidogo. Akala kimoja, akasema ni kaimati zisizo na bahati. Lakini asubuhi iliyofuata alishuka na unga wake aliokwisha kuukanda kwa tui na iliki, akaniambia nitoboe huo, huenda nikapata kitu. Ndizo donati ninazouza mpaka leo.

Kahawa nilipika ya maziwa mengi na sukari nyingi, kama ile. Wanawake wakaja. Wa kwanza walikuwa marafiki wa utotoni, wakaja kunitazama kichaa changu. Walikaa ndani, wamejifunika buibui zao mpaka machoni, wanachungulia nje. Baada ya wiki chache wakawa wanakaa dakani. Mmoja wao, jirani yangu wa nyumba ya tatu, mshonaji, alikuwa na mdomo mwepesi kuliko wote. Punda wakipita na mizigo ya mchanga wakigusa meza, yeye ndiye aliyewagombeza wenye punda. Tulicheka sana asubuhi zile.

Mama wa Kizungu wa Shela alipita wakati huo, akaona ubao niliouandika: Kahawa na Donati za Kanada. Anajua Kiswahili, amekaa hapa miaka. Akacheka, kisha akasikitika.

"Unaiharibu Lamu," akaniambia. "Watu wanakuja hapa kuvikimbia vitu hivi. Nyinyi mna kahawa yenu nzuri, ya asili."

"Kahawa yetu nzuri, ni kweli," nikamwambia. "Umeinywa wapi?"

"Pale barazani, na wazee."

"Basi wewe umenishinda. Mimi nimezaliwa mtaa huu na pale sijakaa hata siku moja."

 Akanunua donati moja kwa adabu. Nilimfungia, lakini nilimwambia na hili, maana lilikuwa linanichoma: "Wewe ulivikimbia vya kwenu ukaja hapa. Mimi hapa ni kwetu, sikimbii kitu."

Huyo alikuwa mwepesi. Wazito walikuwa watu wangu. Ng'ambo ya ndia, hatua chache kutoka kwetu, ipo baraza ya wazee, na mkubwa wao alikuwa rafiki wa marehemu baba. Namwita ami. Alikuja mwenyewe, baada ya alasiri, akabisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi. Nilimkaribisha, akakataa kukaa.

"Mwanangu," akasema, "biashara ni halali, na sisi hatukuzuii. Uza. Lakini wape wachukue, waende nayo majumbani. Hivi viti viondoe."

"Ami, ni haramu mwanamke kukaa?"

Ni mtu mkweli, na nilijua hatasema uongo juu ya dini. Alivuta ndevu zake. "Sikusema haramu. Wamejisitiri, sikuona ubaya. Nasema si ada yetu. Muyi huu wa Amu una ada zake."

"Nyinyi mumekaa pale tangu mimi sijazaliwa. Yuko aliyewahi kuwaambia mchukue kahawa muende nayo nyumbani?"

"Sisi ni wanaume."

"Najua, ami. Lakini miguu inawachoka kama yetu."

Aliondoka bila kukasirika, na hilo liliniuma kuliko angenitukana. Aliyekasirika ni kaka yangu. Alikuja na maneno yale yale, ila yake yalikuwa na kelele. Watu wanamcheka sokoni, akasema, wanamuuliza kama dada yake amefungua mkahawa wa Ulaya. Kama nataka kuuza, nitapata dirisha dogo na wateja wapite. Nikamwambia kahawa na donati ni kisingizio, ninachouza ni kiti. Akaniona nimerukwa na akili.

Asubuhi moja nilishuka kufungua nikakuta viti havipo. Kaka alikuwa amekuja mapema na hamali, akavipakia kwenye mkokoteni, akavifungia kwenye ghala lake. Hakuacha hata kimoja. Nilisimama katikati ya chumba kile kitupu, na miguu yangu ikanikumbuka kule jikoni Uarabuni, nimesimama kando ya karai na sahani mkononi. Sikulia. Niliwasha jiko nikaweka maji ya kahawa.

Mshonaji alifika wa kwanza. Akaangalia chumba, akaniangalia mimi, akageuka akaondoka bila kuuliza. Nilidhani amekimbia. Muda si muda akarudi amebeba kiti cha cherehani yake kichwani. Nyuma yake mwingine na kigoda cha jikoni. Mwingine na mkeka. Mwingine alikuja na ndoo ya rangi iliyokwisha, akaigeuza akaikalia, na mimi nilipoiona ile ndoo nikamwondoa nikampa kigoda nilichokuwa nimepewa mimi, kwa sababu sikuweza kuvumilia.

Tulikuwa tumejaa daka zima kaka alipotokea. Ng'ambo ya ndia baadhi ya wazee walikuwa wamefika mapema siku ile, wamegeuka wote kututazama.

"Nani amewaambia mlete viti?" kaka akauliza.

Kabla sijajibu tukasikia ngazi. Mama, ambaye magoti yalikuwa yanamsumbua na kushuka kwake ni kazi, alikuwa anashuka polepole, kwapani ana mbuzi yake ya kukunia nazi, ile ya mbao yenye kiti chake kidogo, na mkononi ana nazi mbili. Alipita katikati yetu, akaikunjua mbuzi pale pale mlangoni, akakaa. Akaanza kukuna.

"Mama," kaka akasema, "hapa nje?"

"Nyumba hini ni ya nani?" mama akauliza, hakuinua uso.

"Ni yako, mama."

"Na daka ni la nyumba gani?"

Kaka akageuka kuwatazama wazee ng'ambo.

"Basi mimi nakuna nazi yangu mlangoni kwangu. Njoo unikamatie sinia, au nenda kazini."

Mshonaji akaangua kicheko, kikatupata sote. Kaka alisimama pale, mtu mzima na familia yake, na nilimwonea huruma kidogo, lakini si sana. Mwisho akachukua lile sinia, akamshikia mama mpaka nazi ya kwanza ikaisha. Kisha akaenda zake. Viti vilirudi baada ya siku kadhaa. Aliwatuma watu wavilete, mwenyewe hakuja.

Leo wanakuja wanawake wa kila namna. Wa Mkokoni na Kiunga waliokuja hospitali na wanangoja boti ya kurudi, ambao zamani walikuwa wakisimama gatini na wagonjwa wao juani. Wa Kililana wanaoleta ufuta na maembe. Mpwa wangu akija likizo huniambia kahawa ile ya Wakanada huko kwenyewe ni ya bei rahisi, hainywewi na watu wa maana, Nairobi kuna nzuri zaidi. Namwambia nilijua hivyo toka siku ya kwanza, na ndiyo maana niliipenda. Wengine wanasema bandari mpya itatuletea lile duka lenyewe, na kioo chake na baridi yake, na mimi nitafunga. Lije. Nitakwenda kukaa.

Sikushinda yote. Ami bado hunisalimu, lakini akipita hutazama mbele. Na mshonaji haji tena. Mumewe alirudi kutoka safari, akasikia habari ya kiti cha cherehani, akamkataza kukanyaga dakani kwetu. Hatukugombana, mimi na yeye. Nikimkuta sokoni tunashikana mikono, tunaulizana hali za nyumbani, na kila mara kabla hatujaachana namwambia kiti chake kipo. Yeye hutazama huku na huku, akasema, "Nyamaza wewe, watu watasikia."

Namwambia tena, kwa sauti.